Ukurasa wa Kulia wa Daftari la Vipimo

Hata alipofikisha miaka arobaini na sita, fundi cherehani huyu alikuwa bado anaambiwa kwenye simu, "Mtoto mzuri, mpe mama simu." Wauza vitambaa walimwambia hivyo, karani wa shule alimwambia hivyo, na hata daktari wa meno aliyemng'oa gego kwa mkono wake mwenyewe alimwambia hivyo wiki iliyofuata. Alikuwa mama wa kiuno kipana, mwenye miwani, na magoti yake yalilia kama bawaba kila alipoinuka. Sauti peke yake ndiyo iliyogoma kukua. Ilibaki pale ilipokuwa tangu akiwa darasa la sita. Mtaani walimwita Kifaranga. Mumewe, katika miaka tisa waliyoishi pamoja, alimtaka anyamaze mbele ya wageni, na siku alipofungasha virago alitoa sababu moja tu: amechoka kugombana na mtoto ndani ya nyumba yake. Majirani waliyapokea maneno hayo kwa kicheko, wakayahifadhi vizuri, wakawa wanayatoa kila walipokosa la kusema.

Chumba chake cha kazi kilitazamana na ukuta wa shule. Humo mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pazia ambalo wasichana walijaribia sketi nyuma yake, na daftari kubwa lenye jalada gumu. Ukurasa wa kushoto aliandika vipimo: bega, kifua, kiuno, mkono, urefu. Ukurasa wa kulia aliuacha wazi kwa marekebisho, kwa kuwa watoto hukua kabla ya sare kuchakaa. Aliandika papo hapo, pini zikiwa bado midomoni. Hakuamini kichwa chake, aliamini mkono.

Miaka mingi kabla ya mambo haya, msichana mmoja wa darasa la saba alisimama mbele yake apimwe. Futi ilipomgusa ubavuni, alibana mikono kama aliyemwagiwa maji ya barafu.

"Inua mkono, mama," fundi alimwambia.

Hakuinua. Fundi alikikadiria kipimo kwa macho, akakiandika, akamshonea. Muhula uliofuata msichana hakuonekana tena, na watu wakaanza kunong'ona kuwa kuna mtu mzima aliyemharibu, jambo ambalo fundi alikuwa amelijua tangu siku ile mbele ya kioo. Hakuwa amemwambia mtu. Nani angemsikiliza Kifaranga? Jibu hilo alijipa mwenyewe, na mwaka hadi mwaka liliendelea kutomtosha.

Mwalimu wa udereva aliingia maishani mwake na viti vya gari. Alileta vifuniko vilivyochanika vishonwe, na akiwa bado mlangoni akauliza, "Mwanao yuko wapi? Nimemsikia akiongea na simu."

"Nilikuwa mimi."

Mwalimu alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akaacha kucheka ghafla, akavuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa.

"Fundi, unajua hiyo sauti ni mali?"

"Ya kuchekesha watu."

"Ya kukamatia watu."

Alimweleza. Yeye na rafiki yake, mpiga picha za harusi, walikuwa wamefungua ukurasa mtandaoni kwa jina la msichana wa miaka kumi na mitatu. Picha iliyowekwa ni ya mkoba wa shule tu. Wanaume waliandika, tena wengi, tena wenye wake zao. Lakini kabla ya kuja kukutana naye walitaka kuisikia sauti, wahakikishe ni mtoto kweli, na hapo mtego ulifyatuka ukiwa mtupu. "Mke wa mpiga picha alijaribu," alisema mwalimu. "Alitamka neno moja. Jamaa akamwamkia kwa heshima kama anaongea na mama mkwe wake, akakata."

Fundi hakucheka. Aliuliza vifuniko anavitaka lini. Mwalimu alipofika mlangoni alimwita arudi.

Afande wa dawati la watoto kituoni, mwanamke aliyeonekana kila siku kama ametoka msibani, hakupenda mpango huo, lakini alikuwa na askari wawili kwa wilaya nzima. Alikubali kwa masharti manne, na fundi akayaandika kwenye ukurasa wa kulia, mkabala na vipimo vya mtoto wa mwuza maziwa. Umri utajwe mapema, tena wazi. Usianze wewe kupiga. Mahali pa kukutana pasitoke mdomoni mwako. Na anayetaka kuondoka, mwache aondoke.

"La mwisho ndilo gumu," afande alisema. "Mkilivunja, mtakuwa hamkamati wahalifu. Mtakuwa mnawatengeneza."

Walifanya kazi saa kumi jioni, wakati watoto wanatoka shule na sauti zao zinasikika kwa nyuma. Fundi aliongea, mkono ukaandika: kila neno, dakika, nani aliyekata. Kukamata walikamata kwa gari la shule ya udereva, lenye kibao chekundu mbele na nyuma, kwa sababu hakuna anayelishuku gari linalojikongoja na kuzimika njiani. Kwa mwaka mmoja walinasa wanne. Wa pili alikuwa mwuza madaftari mwenye duka nyuma ya shule ile ile, mzee wa mvi, mpole, ambaye watoto walimwita babu. Alikuja na ufunguo wa chumba alichokikodi mtaa wa mbali, na mfukoni alikuwa na orodha ya mambo aliyomwagiza mtoto asimwambie mama yake.

Fundi alipofungua kinywa mahakamani kutoa ushahidi, watu waliangua kicheko, na karani wa mahakama alikuwa miongoni mwao. Hakimu akamwambia asome daftari. Alisoma dakika arobaini kwa sauti ile ile ya kitoto, na kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia feni. Mwuza madaftari alipata miaka kumi na minne. Kwa wiki nzima baada ya hapo, hakuna aliyemwita Kifaranga. Wiki moja, alizihesabu siku zake.

Mpiga picha, kwa upande wake, alihesabu watazamaji. Kila ukamataji aliurusha moja kwa moja mtandaoni, na wa nne ulitazamwa na watu elfu kumi na mbili. Kisha zikapita wiki kumi bila samaki. Watazamaji wakaanza kumtania, wengine wakamtukana, na yeye akawa anawasomea wenzake matusi hayo kwa sauti, mmoja mmoja, kama anayesoma orodha ya wafiwa.

Ndipo akapiga simu fundi saa.

Alikuwa na kibanda cha kioo kando ya soko, na watu walimfahamu kwa vidole vyake virefu na lenzi iliyomkaa jichoni. Alipiga Jumanne, akapiga Alhamisi. Aliyoyasema siku hizo mbili hayana haja ya kurudiwa. Yamo ukurasa wa hamsini na tatu, na yanatosha kumfanya mtu alifunge daftari. Ijumaa alipiga tena, na mkono wa fundi ukaandika hivi: *Mtoto, mimi ni mtu mzima. Nimekosa. Futa namba yangu. Usiongee na watu usiowajua, wote ni kama mimi.* Amekata yeye. Dakika moja na nusu.

"Amenusa," alisema mwalimu wa udereva.

"Hajanusa. Ameacha."

"Hawa hawaachi, fundi. Wanahama. Wewe unataka ahamie kwa mtoto wa kweli?"

Fundi akamwona msichana wa darasa la saba, mikono imebanwa ubavuni.

"Afande alisema..."

"Afande yuko hapa?" mpiga picha alidakia. "Mimi nimeshawatangazia watu kuwa Jumamosi kuna kitu. Nitawaonyesha nini, cherehani yako?"

Fundi alipiga yeye mwenyewe. Alisema ana miaka kumi na mitatu, kwamba baba wa kambo amemfukuza, kwamba hana pa kwenda. Alilia, na kilio hakikumpa taabu. Alikuwa na akiba yake. Fundi saa alisema hapana. Akasema tena hapana, nenda kwa jirani, nenda kwa mwalimu wako. Fundi akamwambia, "Sina mtu mwingine. Njoo unichukue." Kisha mtu yule akauliza wapi, naye akamtajia kituo cha mafuta kilichofungwa. Kati ya masharti manne alivunja matatu ndani ya dakika saba, na yote akayaandika, pamoja na dakika zake, kwa sababu mkono ulikwisha kuzoea.

Jumamosi saa nane mchana alikuwa kiti cha nyuma cha gari la kujifunzia, simu mapajani. Fundi saa alifika kwa miguu na mfuko wa karatasi. Alitazama huku na huku, akaliona gari, akawaona watu ambao mpiga picha aliwaalika mapema wakijitia kununua vocha kwenye kibanda cha jirani. Akatoa simu. Ikaita mapajani mwa fundi.

"Mtoto," alisema mtu yule, akihema. "Kuna watu hapa. Usije."

Wakamrukia kabla hajaishusha simu sikioni.

Mpiga picha aliupekua mfuko, akainua sweta mbele ya kamera. "Tazameni, kaleta na nguo za kumbadilisha." Hapo mambo yakatoka mikononi mwao, kama kweli yaliwahi kuwa mikononi mwao. Mmoja aliyemfahamu alikanyaga mkono wake wa kulia kwa kisigino cha buti, akauliza, "Saa ngapi sasa, fundi?" Watu wakacheka. Akahamia mkono wa kushoto, akauliza tena, kwa maana kicheko cha kwanza kilimnogea. Mwalimu wa udereva alipaza sauti basi inatosha, ila alisema hivyo akiwa anaangalia kamera.

Mfuko ulitupwa kitini karibu na fundi. Ndani mlikuwa na mkate, na karatasi yenye mwandiko mdogo, uliopangika kama vyuma vya saa: anwani ya ofisi ya ustawi wa watoto, namba ya mlango, na saa ambayo afisa wa zamu hupatikana Jumamosi.

"Alikuwa anajitengenezea pa kutokea," alisema mwalimu alipoonyeshwa.

"Au alikuwa anampeleka."

"Basi kamuulize."

Haikuwezekana kumwuliza: alilala hospitalini chini ya ulinzi wa polisi. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, na mikono isingeshika kalamu. Fundi aliiweka karatasi ile ukurasa wa hamsini na tatu. Sasa ukurasa mmoja ulimbeba mtu wa Jumanne na mtu wa Jumamosi, na hakujua yupi ndiye wa kweli. Alijua tu kwamba mtu wa Jumamosi aliitwa na yeye mwenyewe.

Wiki ya tatu, mwanamke mmoja aliingia na msichana na begi la sare. "Tunamhamisha shule," alisema. "Mimi ni shangazi yake. Nembo itolewe, mikono iongezwe. Baba yake alikuwa fundi saa pale sokoni, nadhani umesikia."

Fundi aligusa koo, akatikisa kichwa kama mtu aliyekaukiwa sauti.

"Mafua? Pole, dada. Basi wewe pima tu."

Msichana alisimama mbele ya kioo. Alikuwa wa miaka kumi na mitatu hivi. Fundi alizungusha futi kifuani, na mtoto akaachia mikono ikaning'inia, huru, akitazama pembeni kwa uchovu wa kawaida wa watoto wanaopimwa. Hakujikunja wala hakubana. Fundi alipima mara ya pili bila haja, akitafuta alichokiogopa, na asipokipata akasahau alichokuwa akikificha.

"Inua mkono kidogo, mama."

Msichana aliganda. Shuleni walikuwa wakimchezea kwenye simu zao rekodi fupi ya simu ile, iliyorushwa na mpiga picha, asubuhi mpaka kengele ya kutoka. Kulikuwa na mvulana aliyeweza kuiiga. Msichana alimtazama fundi kwenye kioo, akayatoa maneno yake polepole, kwa sauti isiyo na kitu ndani yake:

"Sina mtu mwingine. Njoo unichukue."

Shangazi, aliyekuwa akikagua vifungo, aliinua kichwa. "Unasema nini wewe?"

"Hakuna, shangazi." Kisha akamwambia fundi, "Maliza kupima."

Alimaliza. Mkono: sentimita hamsini na mbili. Alikiandika papo hapo, na kipimo kilikuwa sahihi.

Kesho yake alikwenda kituoni na daftari. Afande alisoma ukurasa wa hamsini na tatu mara mbili, akaushika ukingoni kama kitu chenye maji.

"Nikilipokea hili," alisema, "litakwenda lote. Siwezi kumpa hakimu ukurasa mmoja. Wewe uliapa mara nne kwamba hujawahi kumpigia mtu."

"Wakati ule ilikuwa kweli."

"Na nani atajua sasa? Wale wanne wana mawakili. Wanasubiri kitu kama hiki." Alivua kofia, akaiweka juu ya meza. "Na mwuza madaftari, nyumbani kwake kuna watoto. Nakwambia ili usije ukasema hukuambiwa. Chukua daftari lako, nenda nalo, fikiri."

Mwalimu wa udereva alishafikiri kwa niaba yake. Alikuwa akimngoja mlangoni pa chumba cha kazi. "Chana ukurasa mmoja, mama yangu. Mmoja tu. Huyu alisema machafu Jumanne, sivyo? Basi afungwe kwa ya Jumanne."

"Atafungwa kwa ya Jumamosi. Hati ya mashtaka inasema alimwita mtoto ili akutane naye. Mimi ndiye niliyemwita."

"Kwa hiyo unawafungulia wanne ili umwokoe mmoja, tena mchafu vile vile?"

Fundi aliingia ndani, akachukua mkasi. Alikaa na mkasi mkononi mchana kutwa, na wateja walipoingia aliwaambia yuko kazini. Mara mbili aliufikisha mkasi kwenye mshono wa karatasi. Kama angekuwa na uhakika kwamba fundi saa alikuja kwa ubaya, angekata. Kama angekuwa na uhakika kwamba alikuja kwa wema, asingegusa mkasi. Mwisho hakuamua juu ya fundi saa hata kidogo. Aliamua juu ya mtoto aliyesimama na mikono huru mbele ya kioo. Jioni alilipeleka daftari likiwa zima.

Fundi saa aliachiwa kwa shtaka lile kubwa, akapewa adhabu ndogo kwa maneno ya Jumanne na Alhamisi, ambayo alikwisha kuitumikia mahabusu. Kibanda chake kilishavunjwa vioo. Vidole viliunga vibaya. Alionekana sokoni akishindwa kufunga kifungo cha shati lake mwenyewe, na binti yake hakuonekana naye tena. Hakuja kumshukuru fundi, wala kumlaani.

Aliyekuja ni mwingine. Mwezi wa tano baada ya hapo, hukumu tatu kati ya nne zilitenguliwa, kesi zikaamriwa zisikilizwe upya, na washtakiwa wakapewa dhamana. Asubuhi moja pazia la mlango lilifunguliwa, akaingia mzee wa mvi, mpole, amemshika mkono msichana wa miaka tisa.

"Hujambo, mwanangu," alisema mwuza madaftari. "Nilikuwa najiambia, fundi mwaminifu kama wewe yuko wapi tena siku hizi. Daftari ulilitoa lote. Mwingine angechana."

Fundi alisimama na futi shingoni.

"Huyu mjukuu wangu, anaanza shule hapo mbele. Mama yake kasafiri, tunakaa wawili tu. Mpime, babu yake nasubiri hapa." Akaketi kwenye kigoda, akakunja nne.

Fundi alimpeleka mtoto mbele ya kioo. Bega, sawa. Futi ilipofika ubavuni, mtoto alibana mikono.

"Inua mkono, mama," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza aliitumia sauti yake kama ilivyo, mtoto kwa mtoto, taratibu.

Mtoto hakuinua. Alimtazama babu yake ndani ya kioo, na babu akatabasamu.

Walipoondoka, fundi alifunga mlango, akaenda kituoni moja kwa moja, magoti yakilia njia nzima. Afande alimsikiliza mpaka mwisho. Alivuta karatasi, akaichukua kalamu, akaisitisha hewani, akairudisha kopoani. Akatoa penseli.

"Neno lako halisimami tena mahakamani," alisema. "Unalijua hilo."

"Najua."

"Nitatuma mtu wa ustawi apite, nikimpata. Endelea."

Fundi aliendelea, na penseli ikaandika kwa wepesi, maandishi hafifu yanayofutika kwa kidole. Aliporudi alifungua daftari jipya, lile la zamani likiwa bado mahakamani. Ukurasa wa kushoto ulikuwa unasubiri, kama alivyouacha: bega, ishirini na tisa, urefu, sitini na moja, mkono, hakuna kitu. Safari hii hakukadiria kwa macho. Aliandika: haukupimwa. Chini yake akaweka tarehe ya kuja kuchukua sare, ambayo mzee mwenyewe aliichagua, Jumamosi.